Kamera Iliyoona Miguu Tu

Vijana wangu wa kaunta,

Siku mliyoniaga mlisema niandike machache kuhusu kazi. Nashuku mlisema hivyo kwa sababu soda zilikuwa zimechelewa na hotuba zimekwisha, mkahitaji kitu cha kujazia nafasi. Poleni, mimi nimelichukulia kwa uzito. Niko nyumbani Nkololo, nilikojenga, nina meza, nina kalamu, na tangu nistaafu hakuna anayeniita kwenye redio. Vyeo sitavieleza kwa sababu mlikuwa mkiviona begani kwangu, na mshahara tuuache upumzike. Nataka niwaeleze habari za kamera za kifuani, maana ninyi mliokuja juzi mmezikuta zimeshatulia na mnadhani zilikuja na akili zake. Lakini ili mnielewe, itabidi nianzie kwenye salamu.

Nilipopangiwa Bariadi nilikuwa binti wa Lalago niliyetoka chuoni na viatu vinavyong'aa na hamu kubwa ya kukamata mtu. Yeyote. Asubuhi ya kwanza nikawekwa kaunta chini ya Stesheni Sajini Maduhu, mzee mnene, mpole, aliyeongea taratibu mpaka mtuhumiwa akachoka kusubiri na kukiri. Akaja mama mmoja mtu mzima, amefunga kanga mbili, ameibiwa kuku. Mimi nikachomoa kalamu, nikamtazama usoni nikauliza, "Jina?"

Maduhu akakohoa. Akanitoa nyuma ya kaunta kwa kunishika kiwiko, akanipeleka mpaka nje ya mlango, akasema, "Nkwimba, ingia tena. Safari hii ingia kama mtu mwenye kwao."

Nikaingia, nikapiga goti mbele ya yule mama na sare yangu. Sketi ya sare haikushonwa kwa kazi hiyo, mshono wa nyuma ukalia. "Mwangaluka, mayu," nikasema, yaani umeamkaje, mama. Akaitikia mwangaluka. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema mhola, salama tu. Akauliza za baba yangu, za ng'ombe, za mvua ya Lalago. Nami nikauliza za kwake, mpaka tukafika kwa wajukuu. Na pale kwenye wajukuu ndipo aliposhusha sauti akaniambia kwamba kuku wameibwa na mkwe wake mwenyewe, na kwamba hataki afungwe, anataka atishwe kidogo. Jambo hilo asingemwambia msichana anayeanza na "jina".

Hayo ndiyo mafunzo yangu. Chuoni walinifundisha kulenga shabaha, Maduhu akanifundisha kuinama. Kijana wa kiume huku kwetu akimsalimia mzee huinama kabisa kiunoni, mkono wa kushoto ukishika wa kulia, na hainuki mpaka mzee amalize kuuliza. Wazee wetu hawana haraka ya kumaliza. Maduhu aliinama hivyo na bunduki begani, na kila askari aliyepita mikononi mwake aliinama hivyohivyo. Wageni waliokuja kutoka mikoa mingine walicheka mwezi wa kwanza, wa pili wakawa wanainama kuliko sisi.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo nataka muishike. Akishaandika maelezo ya mtu, alimsomea yote kwa sauti, kwa Kiswahili na kisha kwa Kisukuma, na alikuwa akimtazama usoni anaposoma. "Akikunja uso, umemwongezea maneno," alisema. "Akicheka, umempunguzia." Wengine kituoni waliona anapoteza muda. Mimi nilimpenda yule mzee, na mpaka leo nikishika kalamu namsikia akikohoa.

Nimepitia vifaa vingi. Nilianza na baiskeli ya kituo ambayo breki zake zilikuwa soli za viatu vyangu. Nikapewa filimbi ambayo nikiipuliza Dutwa siku ya mnada walikuja watoto tu, wakidhani kuna mpira. Ikaja redio ya mkononi, iliyosikika vizuri sana pale ulipokuwa karibu na mtu unayeongea naye. Kisha zikaja simu, na wananchi wakaanza kutupiga picha sisi. Hapo ndipo wakubwa walipoona ni heri na sisi tuwe na picha zetu, wakatuletea kamera chache za majaribio, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni, za kubana kifuani.

Alikuja mtaalamu kutoka Dar kutufundisha, kijana mstaarabu mwenye ndevu chache alizozitunza sana. Akatuwekea sheria ukutani kwa projekta. Washa kabla hujashuka kwenye gari. Mwambie mwananchi kwamba anarekodiwa. Usizime mpaka tukio liishe. Usifute kitu. Rekodi ikikaa muda bila kuwekewa alama, mtambo utaifuta wenyewe. Ikiwekwa alama, hata mkuu wa kituo hawezi kuigusa. Na ile sheria ya mwisho, aliyoisema akiwa ameshaanza kukunja nyaya: mwananchi aliyerekodiwa anayo haki ya kuja kuomba aone.

"Maswali?" akauliza.

Koplo Shija akanyoosha mkono. Shija naye ni mtu wa Lalago, kijana mrefu, mcheshi, mwenye kifua cha kubebea magunia, na kwa kuwa najuana na mama yake alikuwa akiniita mayu hata mbele ya wakubwa. "Mtaalamu, na kama ukibanwa na haja ndogo katikati ya tukio?"

"Uzime."

"Umesema tusizime mpaka tukio liishe."

Mtaalamu akafikiri sana, akasema hilo atalipeleka makao makuu. Nadhani bado liko huko.

Utunzaji wa kamera nikapewa mimi. Mkuu wa kituo, Afande Mrisho, alisema ni kwa sababu ya uaminifu wangu. Ukweli ni kwamba chumba changu ndicho kilichokuwa na soketi inayofanya kazi. Jioni askari wakirudi nilizichomeka kamera zote, taa zake zikawaka mstari mmoja mezani, nami nikapitia rekodi za siku kuona kama zimekaa sawa.

Hazikuwa zimekaa sawa hata kidogo. Rekodi ya kwanza ilikuwa na udongo. Ya pili udongo na miguu. Ya tatu miguu na kuku anapita. Sauti zilikuwa safi, watu wanasalimiana vizuri kabisa, lakini hakuna uso hata mmoja, kila mahali ni kandambili, magaga, na zile katambuga za matairi wanazovaa wachungaji wetu. Nikampigia simu mtaalamu nikamwambia vifaa vyako vibovu.

"Mama, kamera umeifunga wapi?"

"Kifuani, kama ulivyosema."

"Na kifua cha askari kinaelekea wapi?"

Hapo ndipo nilipoona picha nzima ya kituo chetu kikiwa kimeinama wilaya nzima, kinasalimia, na kila kamera inatazama ardhi.

Afande Mrisho alicheka mpaka akavua kofia. Yeye ni mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka na utani wake pia, na kuanzia siku hiyo chumba changu akakiita maktaba ya miguu. Akatoa amri askari wasalimie wakiwa wima. Amri ilidumu mpaka Shija aliposimama wima mbele ya mama mmoja wa Nkololo, naye akamuuliza kwa huruma kama mgongo unamuuma, akaenda kumtafutia dawa. Tukarudi kuinama. Wananchi nao walijizoeza, kila askari akishuka kwenye gari walikuwa wakimuuliza kabla ya salamu, "Inawaka?" Akisema inawaka, mama alifunga kanga yake vizuri na mzee alijifuta vumbi miguuni, kwa kuwa habari zilishaenea kwamba ndiyo inayopigwa picha.

Kitu kingine cha kamera hizo ni mlio. Zilipokuwa zinarekodi, kila baada ya muda zilitoa sauti nyembamba, tii, kumkumbusha askari kwamba ziko kazini. Sisi tuliizoea. Naomba mlio huo muukumbuke, nitaurudia.

Sasa nifike kwa Mzee Masunga. Alikuwa mfugaji wa upande wa Dutwa, mtu wa sungusungu kwa miaka mingi, mwenye heshima, ambaye yowe la wizi wa ng'ombe likipigwa ndiye aliyekuwa akipanga nani apite wapi. Siku moja fahali wake aliingia kwenye pamba ya jirani yake, Gamaya, akala na kulala humo. Gamaya hakutaka wazee walimalize jambo hilo, akaita polisi. Akaenda Shija, na dereva aliyebaki garini. Walipofika walimkuta Mzee Masunga pembeni mwa shamba amemshika fahali kwa kamba ndefu, mkono mwingine ana fimbo yake. Shija akawasha kamera, akasema inawaka, akaenda kumsalimia.

Kilichofuata tulikipata kwa masimulizi. Gamaya, aliyekuwa amesimama nyuma upande wa pamba, alisema aliona koplo ameinama, kisha akaona fimbo na kichwa vimekutana, koplo yuko chini, damu inatoka juu ya jicho. Shija mwenyewe alisema alikuwa anajibu habari za mama yake mara akahisi kitu kimempiga, akajikuta anatazama mbingu, na alipoinua macho mzee amesimama juu yake na fimbo mkononi. Dereva alikuwa anapekua simu. Mzee Masunga akaletwa kituoni. Alipoulizwa alisema neno moja tu, "Sijui." Akapewa dhamana, na jalada la kushambulia askari akiwa kazini likaanza safari ya kwenda mahakamani. Ninyi mnajua uzito wa shtaka hilo. Watu wamefungwa kwa fimbo ndogo kuliko ile.

"Na kamera?" nilimuuliza Afande Mrisho.

"Nkwimba, alikuwa anasalimia. Unataka nipeleke miguu mahakamani?"

Hakuna aliyeitazama. Siku zile zilikuwa za msimu wa pamba, kesi za mizani na magari yaliyokwama zilikuwa zimetujaa, na mimi mwenyewe niliamini ni udongo kama udongo mwingine.

Kisha akaja Bibi Holo, mke wa Masunga. Alikuja kwa basi kutoka Dutwa, mwembamba, ana kitambaa cheupe kichwani cha kwenda kanisani. Nilipiga goti tukasalimiana mpaka wajukuu. Halafu akasema, "Mayu, ile taa ya kifuani kwa yule kijana ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Basi nataka kujua iliona nini. Mume wangu hajui. Kila asubuhi anakaa nje anaitazama fimbo yake. Ananiuliza, Holo, mkono wangu unaweza kumpiga mtu anayenisalimia? Mimi namwambia hauwezi. Anasema, wewe ulikuwepo?"

Nikamwambia kesi bado haijaamuliwa, asimtie mzee hofu ya jela mapema.

"Jela!" akasema. "Jela watu hutoka. Lakini tangu siku ile hakuna anayeinama mbele yake. Vijana wanamsalimia wamesimama, kwa mbali, wako upande wa pili wa zizi. Wanaogopa fimbo. Juzi amefukuza ugeni nyumbani, amesema hawezi kukaa na watu wanaomsalimia kama wanaita basi."

Moyo uliniuma, sitaficha. Mtu amesalimiwa kwa heshima maisha yake yote, na sasa anasalimiwa kwa tahadhari. Nikamuuliza Bibi Holo kama anaomba kuiona rekodi. Akasema anaomba, na mumewe anaomba. Alikuwa mtu wa kwanza katika wilaya nzima kuitumia ile sheria iliyosemwa wakati wa kukunja nyaya. Nikaenda kwenye mtambo na kuitafuta, nikaikuta imebakiza muda mfupi ijifute. Nikaiwekea alama.

Shija alipopata habari alikuja chumbani kwangu, plasta bado iko juu ya jicho. Akafunga mlango.

"Mayu, ile ni miguu tu. Ungeiacha ijifute."

"Kama ni miguu tu, unaogopa nini?"

Akakaa juu ya ndoo, maana kiti kilikuwa kimoja. "Nitachekwa. Nimedondoka kama gunia mbele ya watu wa Dutwa nikiwa na sare. Sasa waje waone tena hapa?"

"Na yule mzee akienda jela atakwenda mbele ya watu wa Dutwa haohao."

"Mimi sijasema uongo. Nilipigwa. Nilihisi."

"Basi video itakusaidia."

Akatazama zile taa mezani. Kwa kuwa naye anaonekana humo, au tuseme anasikika, nilihitaji aseme kama anakubali watu waione. Ningeweza kumlazimisha kwa maneno ya kimama, sikutaka. Akagusa plasta. Kisha akasema, "Waone. Ila Afande Mrisho akicheka naomba uhamisho."

Kanuni ilisema mwombaji aje na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mzee Masunga alikuja na kijiji. Walifika kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa fuso la kubebea pamba. Wazee wa sungusungu, akina mama, Gamaya mwenye shamba, mpaka mchungaji wa kanisa. Afande Mrisho akatoka barazani ameshika karatasi ya kanuni.

"Mzee wangu, hapa imeandikwa watu wawili."

Mzee Masunga alivua kofia. Alikuwa amekuja bila fimbo, na nilivyomwona anatembea bila kitu mkononi nilitamani kumpa ufagio. "Afande," akasema, "waliosikia kwamba nimempiga si wawili. Nikiona mimi na Holo peke yetu, nani atatuamini?"

Afande Mrisho aliisoma ile karatasi upya mbele na nyuma. Naye ana utani, lakini si mjinga. Akasema mwombaji na msindikizaji wake watakaa ndani, kama inavyotakiwa. Kisha akaagiza dirisha la chumba changu lifunguliwe, na skrini igeuzwe kidogo kwa sababu ya mwanga. Aliyesimama nje na macho yake, akasema, huyo kanuni haimjui.

Nikabonyeza. Ukaonekana udongo wa Dutwa, na buti za Shija zinatembea. Sauti yake ikasema inawaka, mzee wangu. Zikatokea katambuga mbili kuukuu, moja imeshonwa kwa waya.

"Za Masunga hizo," mtu akasema dirishani.

"Ile waya nilimpa mimi."

Ikaanza salamu. Mwangaluka, baba. Mwangaluka. Mhola? Mhola duhu. Habari za nyumbani, za Lalago, za mama, mvua ya huko, mtama, ng'ombe wa mjomba. Kamera inatazama chini muda wote: katambuga, kwato za fahali upande mmoja, na kamba imelala mavumbini imejikunja. Dirishani watu walikuwa wanaitikia pamoja na Mzee Masunga kana kwamba wao ndio wanaosalimiwa. Afande Mrisho aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini kama tukio lenyewe litaanza leo.

Kisha buti la kushoto la Shija likasogea hatua moja, kama mtu anavyohama mguu akiinama sana. Likaingia katikati ya ile kamba iliyojikunja. Sauti ya Mzee Masunga ikasema, "Na mama yako, mgongo haujambo?"

Kamera ikalia, tii.

Kwato zikapotea. Kamba ikakaza mguuni, buti likapaa, ikaonekana ncha ya fimbo iliyosimama ardhini ikija kwa kasi, ikasikika ko!, na baada ya hapo mbingu tupu na wingu moja dogo. Sauti ya mzee ilikuwa inapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu, inuka!" Kisha mikono yake ikaingia kwenye picha, mmoja umeshika fimbo kwa sababu hakukumbuka kuiacha, ikimvuta Shija kwa ukosi.

Sikuzima. Mzee Masunga alikuwa anaitazama mikono yake, ya kwenye skrini na ile iliyokuwa mapajani.

"Irudishe, mayu," Shija akasema kutoka mlangoni. Sikujua kwamba ameingia.

Nikairudisha. Buti, kamba, tii, kwato, fimbo.

"Ni mguu wangu," akasema. Akageuka dirishani akapaza sauti ili wa nyuma wasikie. "Ni mguu wangu, jamani! Mimi ndiye niliyekanyaga kamba! Nimeangukia fimbo, mzee hajanipiga!"

Kicheko kilichofuata kilisikika stendi. Hata mchungaji wa kanisa alishika ukuta. Gamaya akawa anaeleza watu kwamba yeye alisema fimbo na kichwa vimekutana, hakusema nani alimfuata mwenzake. Bibi Holo peke yake ndiye hakucheka. Alimwuliza Afande Mrisho kama sasa mshtakiwa ni fahali.

"Fahali alishtushwa, bibi," Afande akajibu. "Aliyelia ni kamera. Na kamera ni mali ya serikali, siwezi kuifunga pingu."

Mimi nilikuwa namtazama Shija. Alivuka chumba, akasimama mbele ya Mzee Masunga, akatazama kwanza sakafuni kama kuna kamba, watu wakacheka tena. Kisha akainama. Aliinama kama Maduhu alivyotufundisha, mpaka mgongo ukalala, mkono wa kushoto umeshika wa kulia. "Mwangaluka, baba."

Mzee akauweka mkono wake mtupu juu ya kichwa cha yule kijana, pale karibu na plasta, akauacha hapo. "Mwangaluka," akasema. "Ulikuwa hujanijibu. Mama yako mgongo haujambo?"

Jalada likafungwa. Nje mzee alipita katikati ya watu, na vijana wake wa sungusungu wakawa wanainama mmoja baada ya mwingine, polepole, msafara mzima ukachelewa kuondoka kwa salamu. Afande Mrisho alilazimika kuandika maelezo kwenda juu, na nilimsikia kupitia ukutani akijaribu sentensi: "Fahali alistuka kutokana na kifaa cha uwajibikaji." Makao makuu yakajibu kwa kuuliza kama kifaa kilikuwa na leseni ya mnada wa ng'ombe. Mpaka leo sijui kama walikuwa wanatania.

Baada ya hapo kituo kilijitungia mazoea mliyoyakuta. Mlio unazimwa karibu na mifugo. Tazama kamba kabla ya kuinama. Na kila anayerekodiwa anaambiwa, tangu mwanzo na si wakati wa kukunja nyaya, kwamba anaweza kuja kuona. Walianza kuja. Wengine walikuja kutazama viatu vyao tu, lakini walikuja, na askari anayejua kwamba mama wa Nkololo anaweza kukaa mbele ya skrini na kumsikiliza hutafuta maneno mazuri. Nilipokuwa nikiwachezea rekodi niliwatazama nyuso, kama Maduhu alivyokuwa akifanya na maelezo yake. Nilijua anayekunja uso ana neno.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani nachambua choroko, gari la kituo likasimama uani. Mbuzi wangu walikuwa wameingia kwenye alizeti ya jirani, na jirani yangu, kwa vile anajua nilikuwa polisi, alihofia nitapendelewa, akaomba waje na kamera. Alishuka Shija. Kovu lake juu ya jicho limepona vizuri, linampendeza. Nikaona kile kidude kifuani kwake, nikaingiwa na woga, mimi niliyevichomeka kwenye umeme kila jioni. Kumbe ndivyo inavyokuwa ukiwa upande huu. Nikafunga kanga vizuri. Nikajipangusa miguu, nikagundua nimevaa kandambili moja ya bluu na moja ya kijani.

"Inawaka?" nikamuuliza.

"Inawaka, mayu."

Alitazama chini kushoto na kulia, hapakuwa na kamba. Kisha akainama, na kamera ikazitazama kandambili zangu.

"Mwangaluka, mayu."

Nikaitikia. Nikamuuliza za mama yake, za mvua ya Lalago, za ng'ombe wa mjomba, sikuharakisha hata kimoja. Jirani yangu alikuwa kwenye ua anasubiri niseme kuhusu mbuzi. Nitasema, nilikuwa nafikiri, na nitasema ukweli, na kama mtu atasema nimesema lingine, nitapanda basi mpaka kituoni, nitapigiwa goti kaunta, nami nitaomba kuona miguu yangu.